Kurasa Mbili, Zisizidi

Wamesema kurasa mbili, zisizidi,
na pambizo upana wa vidole viwili.
Basi tumeketi usiku huu wa Naryn, orofa ya juu kwa fundi viatu,
Aizada kwenye kibodi, mimi na kalamu nyekundu,
na jalidi inachora majani dirishani
bila kuomba kibali kwa tume yoyote.

Barua inakwenda kwenye mabunge ya mbali,
kwa waangalizi, kwa wenye mifuko,
kwa mabibi na mabwana ambao jina la mji wetu
litawakwama kooni kama mwiba wa samaki.
Tunaanza: Waheshimiwa.
Kisha tunakwama sisi.

Nimekata habari ya mwalimu Sabyrkul,
aliyehesabu kura kwa tochi ya simu taa zilipozimika
(zilizimika kituoni petu tu; duka la jirani liliwaka kama harusi),
na kila alipofika mia alipiga meza kofi
ili hata wakala aliyesinzia ajue kuna jambo linapita.
Nimeandika: Ilitokea hitilafu ya umeme.

Nimekata habari ya Temirbek, mchunga farasi,
aliyeshuka milimani na nakala ya fomu ya matokeo
ndani ya soksi, chini ya unyayo,
siku nzima, theluji ikimfika magotini.
Fomu ilifika na harufu yake.
Namba zilisomeka: mia nne kumi na mbili, kwa tisini na saba.
Redioni, asubuhi, zilikuwa zimebadilishana viti.
Nimeandika: Nyaraka zilihifadhiwa kwa shida.

"Shida," anasema Aizada. "Wataielewaje?"

Mwaka juzi walitujibu.
Mstari mmoja: tunafuatilia kwa wasiwasi mkubwa.
Aizada aliichapa, akaikunja mara nne,
akaitia chini ya mguu mfupi wa meza hii.
Meza ikatulia.
Usiseme hatukusaidiwa.

Nje wanatuita vibaraka.
Mtu kaandika kwa mkaa ukutani mwa fundi viatu:
WANAUZA NCHI KWA BAHASHA.
Fundi kapaka chokaa, hakusema neno,
ila kodi kaipandisha.
Na mama, anayeuza jibini kavu sokoni,
kaniuliza huku akipanga vidonge vyake viwe piramidi,
"Siri ya mtungi si aijuaye kata?
Wa mbali unawaitia nini?"
Nikamwambia, kata imevunjwa, mama.
Kata ilikuwa mahakama.

Kwa hiyo, Waheshimiwa:
hatuombi askari.
Hatuombi mtuchagulie; kuchagua tunajua,
tumechagua wakwe, mabwawa, madume ya kondoo, na hatukukosea sana.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema wahenga.
Sisi hatusemi mtuponye.
Njooni muuone ugonjwa
kabla haujatangazwa kuwa afya.
Tunaomba mtu mmoja asimame mlangoni pa chumba cha kuhesabia,
mtu ambaye shemeji yake hakuajiriwa na mkuu wa mkoa.
Hapa sote tuna shemeji.

Nimefuta shemeji.
Nimefuta kondoo.
Ukurasa wa pili umebaki na mistari mitatu,
na Aizada anasema tuweke shukrani.

Ngazi inalia. Ni Sabyrkul, na mkate ndani ya shali,
moshi wa pumzi ukimtangulia.
"Mmeniweka?" anauliza.
Namwonyesha mstari wa kumi na tisa.
Anavaa miwani. Anasoma hitilafu ya umeme,
anairudia, midomo ikicheza,
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya shule.

Kisha anainua mkono,
anaipiga meza kofi moja,
na chini yetu nyundo ya fundi inanyamaza.

"Mia," anasema.
"Hiyo nayo iandike."